Nilikemea Usingizi wa Kijana Aliyechoka

Masomo: Mwanzo 25:29-34, Kutoka 5, Matendo 20:7-12



Wengi wenu mlikuwa kwenye kesha ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliopita, na mnakumbuka kilichotokea kwenye kinanda. Ilikuwa kama saa nane na nusu usiku. Tulikuwa tumenyamaza mbele za Bwana, hakuna anayesema kitu, mara kinanda kikalia kwa kishindo, sauti kumi kwa wakati mmoja, na ikaendelea kulia tu. Kijana wetu alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kimeangukia funguo za kinanda. Watoto walicheka, na wakubwa pia walicheka, tusidanganyane.

Na mimi nilifanya nini? Nilishuka na maikrofoni mkononi, nikamwekea mkono kichwani, nikaikemea roho ya usingizi. Sikuishia hapo. Nilisema kizazi hiki ni kivivu, wanaweza kukesha na simu lakini hawawezi kukesha na Mungu hata saa moja. Kanisa likaitikia amina, amina kubwa. Kijana akasimama, akaomba msamaha mbele ya watu, akapiga kinanda mpaka saa kumi na moja asubuhi.

Jumatatu akaja nyumbani. Mama Mchungaji alimpa chai na mkate, akala nusu ya mkate akiwa bado hajasema kitu. Halafu akasema, "Pasta, mimi sina roho ya usingizi. Mimi sijalala kitandani tangu Jumatano." Tuliongea mpaka jioni. Wiki mbili baadaye alisimama mwenyewe mbele ya ushirika wa vijana akaeleza mambo yake, kwa hiyo ninayoandika hapa si siri. Ameniomba tu jina lake na la chuo chake yasichapishwe, na mimi nimekubali.

Huyu kijana anasomea ualimu, mwaka wa tatu. Muhula huu alipewa kazi sita za kuandika, na akashindwa kuwasilisha nne. Kila moja ilikuwa na makataa, na kila makataa yakapita. CAT mbili alizikosa kwa sababu alilala, akaamka wenzake wakitoka kwenye chumba cha mtihani. Mhadhiri mmoja alimwongezea wiki moja, na hiyo wiki ikapita pia. Akaanza kudanganya. Kwa mhadhiri wa kwanza alisema amelazwa hospitalini. Kwa wa pili alisema ameenda kumzika babu yake. Babu huyo yuko hai, wengi wenu mnamjua, na Jumapili iliyopita alikuwa ameketi safu ya tatu.

Mtu akisikia hivyo atasema, si nilijua? Uvivu. Hata mimi ningesema hivyo kama angeishia hapo. Lakini alipotoa simu akanionyesha kazi alizofanya miezi hiyo hiyo, nilinyamaza. Tangu Januari alikuwa ameandika kurasa zaidi ya mia nne. Hakuchelewa hata mara moja. Isipokuwa hazikuwa kazi zake.

Wazazi wengine hapa hawaijui hii biashara, wacha niieleze. Kuna wanafunzi Marekani, Uingereza na Australia ambao hawataki kuandika insha zao. Wanalipa kampuni za kwenye intaneti, na kampuni zinatafuta waandishi. Kwa miaka mingi sasa waandishi wengi wamekuwa vijana wa Kenya, kwa sababu wanajua Kiingereza, wamesoma, na hawana kazi. Mwenye akaunti anapokea kazi, anaigawa kwa vijana walio chini yake, anabaki na sehemu kubwa ya pesa. Huyu wetu alikuwa wa chini. Alilipwa shilingi 300 kwa ukurasa, na ukurasa mmoja kwa hesabu yao ni maneno 275. Akichelewa anakatwa. Akichelewa tena, kazi inapewa mwingine na pesa yote inapotea.

Sasa angalia saa. Mwanafunzi wa New York akiambiwa awasilishe kazi kabla ya saa sita usiku, kwetu hiyo ni saa moja au saa mbili asubuhi, kulingana na majira yao. Kwa hiyo mchana wao wa mwisho wa kuhangaika ndio usiku wetu wote. Huyu kijana alikuwa anaishi Kenya mchana, anaishi Marekani usiku, na jioni anakuja kanisani kufanya mazoezi na timu ya sifa. Jumatano ibada, Alhamisi mazoezi, Ijumaa kesha, Jumapili ibada mbili. Nilipiga hesabu kwenye karatasi nikitafuta mahali pa kulala. Sikupapata, na huo mpango wa kanisa niliupanga mimi.

Kwa nini alifanya hivyo? Karo. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo uanze mwaka 2023, wanafunzi wanawekwa kwenye makundi, na familia nyingi zilijikuta kwenye kundi ambalo hazikulitarajia. Mama yake anauza mboga. Baba ni wa vibarua. Kuna wadogo wawili sekondari. Hakuna aliyemwambia akaandike usiku, lakini pia hakuna aliyemwuliza pesa inatoka wapi. Alipoanza kutuma nyumbani shilingi 2,000, shilingi 3,000, mama alimshukuru Mungu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Swali ninalotaka tulifikirie ni hili: mtu aliyechoka mpaka akashindwa kutimiza wajibu wake, ana hatia? Nataka tulijibu pole pole, kwa sababu kanisani tunalijibu haraka sana, na mara nyingi kwa kelele.

Chukua dereva wa lori. Anasinzia karibu na Salgaa, lori linaacha njia, watu wanakufa. Ukimwambia polisi "alikuwa amelala, hakujua anachofanya," ni kweli kabisa. Aliyelala hajui anachofanya. Lakini tunamlaumu, na tuko sawa kumlaumu, kwa sababu ya kile alichokifanya kabla hajalala. Alijua macho yanafunga akaendelea kuendesha. Kosa lake liko pale Nakuru alipopita hoteli bila kusimama. Kwa hiyo huwezi kusema tu "nilichoka" ukawa umemaliza. Kuna saa ulikuwa bado macho, na hiyo saa ulichagua.

Lakini ngoja kwanza. Ukienda kumuuliza huyo dereva, unaweza kupata kwamba tajiri alimpa safari mbili bila kupumzika, na akamwambia ukikataa kuna wengine kumi pale getini. Hapo utamlaumu nani? Mimi nasema wote wawili, na sioni ubaya wa kusema hivyo. Lawama si mkate, kwamba ukimpa mmoja kipande mwingine anapungukiwa.

Huyu kijana ana hatia. Alidanganya wahadhiri, na hiyo ni dhambi hata ukiwa umechoka vipi. Alijua mwezi wa pili kwamba hawezi, akanyamaza mpaka mwezi wa nne. Hilo nimemwambia usoni na amelikubali. Lakini uvivu hapana. Mvivu yule wa Mithali ni mtu anayegeuka kitandani kama mlango kwenye bawaba. Huyu hakuwa na kitanda cha kugeukia.

Hapo ndipo Kutoka sura ya 5 iliponichoma. Mnajua Waisraeli walikuwa wakifanyishwa matofali. Musa alipoomba wapewe nafasi wakamwabudu Mungu, Farao alikasirika, akaagiza wasipewe tena majani ya kuchanganya na udongo. Wakayatafute wenyewe, lakini idadi ya matofali isipungue hata moja. Wakashindwa, wakapigwa. Wasimamizi wao walipoenda kulia kwa Farao aliwajibu nini? Aliwaambia ni wavivu. Alirudia mara mbili. Watu waliochoka kuliko watu wote wa Misri waliitwa wavivu, na aliyewaita hivyo ndiye aliyekuwa akiwachosha. Nimesoma hiyo sura miaka mingi na nimeihubiri mara nyingi, siku zote nikijiweka upande wa Musa. Usiku ule wa Ijumaa nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha Farao na maikrofoni mkononi. Nilimpa mtoto wa watu ratiba isiyo na majani, halafu nikamwita mvivu mbele ya kanisa.

Kwa hilo nimemwomba msamaha, nyumbani na pia madhabahuni. Wengine mlisema sikupaswa kufanya hivyo madhabahuni, kwamba mchungaji anajishusha. Kwani nilimkemea wapi?

Mzee mmoja ninayemheshimu alinijia baadaye, akaniambia, "Mchungaji, sisi tulikesha ujana wetu wote na hatukufa." Ni kweli, baba. Lakini tulikesha tukitoka shambani tuliposhinda mchana, na keshoye tulilala. Na tena hatukupimwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliofanywa Australia, ambapo watu waliachwa macho huku wakipimwa jinsi mikono na macho yanavyofanya kazi pamoja. Waliokaa macho saa 24 walikuwa wabaya kama mtu ambaye kiasi cha pombe kwenye damu yake ni asilimia 0.10. Huyo akipuliza alkoblo hapa barabarani hafiki nyumbani. Sisi ni kanisa lisilogusa pombe, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini Jumamosi asubuhi baada ya kesha tunawapa vijana funguo za gari la kanisa wawarudishe akina mama nyumbani.

Tena ubongo unapanga uliyojifunza mchana wakati umelala. Mwanafunzi anayesoma usiku kucha halafu anaingia mtihani ni kama mtu aliyemwaga nafaka uwanjani bila kuiingiza ghalani. Ameifanyia kazi, lakini hana. Kijana wetu aliniambia alikuwa anasoma ukurasa mmoja mara tano na hajui umesema nini, akadhani amerogwa. Nimemsikia zaidi ya mwanafunzi mmoja akisema hivyo kwenye mstari wa maombi. Siku hizi kabla sijaomba ninauliza kwanza, umelala saa ngapi jana?

Sitakwenda kwa Eliya chini ya mretemu, mmehubiriwa hiyo mpaka mmechoka. Nataka twende Troa, Matendo 20. Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane kwa sababu kesho anasafiri. Chumba kiko orofani, taa ni nyingi. Kijana anaitwa Eutiko ameketi dirishani, usingizi unamlemea, anaanguka kutoka orofa ya tatu, wanamwokota amekufa. Sasa hapo Paulo angeweza kusema mengi. Hiyo ilikuwa nafasi nzuri sana ya kuhubiri juu ya vijana wanaolala kanisani. Badala yake aliacha kuhubiri, akashuka ngazi zote, akamwinamia, akamkumbatia. Hakuna mahali Luka anaandika kwamba Eutiko alikemewa, wala kwamba kuna roho ilitolewa. Alilala kwa sababu ilikuwa usiku na mahubiri yalikuwa marefu. Ndiyo, najua Paulo alirudi juu akaendelea kuongea mpaka alfajiri. Yule mzee amenikumbusha. Lakini kwanza alishuka.

Sasa tufike kwenye jambo gumu zaidi, ambalo ndilo lililotuchukua muda mrefu, mimi na huyu kijana. Uchovu ni mmoja, lakini kile kilichomchosha je?

Aliniuliza kwa unyenyekevu, lakini aliniuliza: "Pasta, mimi nimekosea wapi hapo? Sijaiba. Yule mzungu ndiye anayedanganya mwalimu wake. Mimi nauza maneno, kama fundi anavyouza meza. Fundi haulizi meza itawekwa nini." Ni swali zuri na sitaki mtu alicheke. Tena alikuwa na haki kusema kwamba mwanafunzi wa kule ana pesa ya kununua usingizi, na yeye ndiye anayeuuza usingizi wake. Hiyo si haki, na Mungu anaiona.

Lakini fundi wa meza hajui meza itatumika wapi. Mwandishi anajua. Kazi ina jina la somo, jina la chuo wakati mwingine, na makataa. Hakuna njia nyingine ya kuitumia isipokuwa kumdanganya mwalimu. Uingereza mwaka 2022 ilipitisha sheria ya kuzuia huduma hizo, na Australia ilikuwa imetangulia mwaka 2020, kwa hiyo hata wao hawaioni kama biashara ya kawaida. Nikamwuliza kazi ya mwisho ilikuwa ya nini. Akasema uuguzi. Nikamwuliza juu ya nini. Akasema juu ya jinsi ya kumpa dawa mgonjwa mzee mwenye figo mbovu.

Tukanyamaza. Kwa sababu mahali fulani kule kuna mtu atavaa nguo za muuguzi, asimame kando ya kitanda cha mama wa mtu, na kile anachopaswa kujua kiko kwenye kichwa cha kijana wa ualimu hapa Kenya. Yakobo alivaa ngozi za mbuzi akaingia kwa baba yake kipofu, baba akapapasa akapata mikono isiyolingana na sauti. Isaka alishuku akabariki. Hospitali nayo itashuku iajiri.

Na bado huyo si Yakobo ninayemwogopa zaidi. Rudi Mwanzo 25. Esau anatoka nyikani amechoka, anakuta ndugu yake amepika dengu. Anaomba chakula. Yakobo anamwambia auze kwanza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Esau anajibu kwamba anakaribia kufa, hiyo haki itamsaidia nini? Anaapa, anauza, anakula anashiba anaenda zake.

Hebu fikiria, alikuwa anakufa kweli? Huyo ni mwindaji mzoefu, na amefika nyumbani tayari. Baba yake ni tajiri wa mifugo. Mahema mengine yako pale, mama yake yuko pale, na mama hawezi kukosa kitu kwenye chungu. Angetembea dakika chache tu. Lakini uchovu ulimfanyia hesabu. Uchovu hufanya kitu cha leo jioni kionekane kikubwa kuliko cha miaka hamsini. Ndiyo maana nasema si udhaifu mdogo wa mwili tu, unaingia mpaka kwenye akili inayochagua. Kijana wetu angepewa usingizi wa siku tatu halafu aulizwe, "Utatoa digrii yako kwa shilingi 300 kwa ukurasa?" angekataa. Aliulizwa saa tisa usiku, akakubali, kila usiku, ukurasa mmoja mmoja. Haki yake ya mzaliwa wa kwanza ilikuwa kujifunza kwake mwenyewe. Mtoto wa kwanza wa mama muuza mboga kufika chuo kikuu, na elimu aliyoitafuta ilikuwa inaenda Marekani na jina la mtu mwingine juu yake, huku yeye akibaki na maksi zinazokosekana.

Biblia inamlaumu Esau, inasema alidharau haki yake. Sawa. Lakini mimi kila nikisoma sasa namwangalia Yakobo. Ndugu yako amefika nyumbani anayumba kwa njaa. Chungu kiko motoni. Na kitu cha kwanza kinachokujia ni mkataba? Kulikuwa na dengu za kutosha watu wawili! Kama Yakobo angepakua tu, hiyo biashara mbaya isingekuwepo. Uchovu wa Esau ulikuwa wake, lakini ulihitaji mtu wa kuufanyia biashara.

Nani alikuwa anamfanyia biashara huyu? Mwenye akaunti, ndiyo. Yule mwanafunzi wa mbali, ndiyo. Lakini pia kila Jumapili alitoa fungu la kumi la hiyo pesa, kamili, kwa M-Pesa, na mwezi wa tatu tulipochangisha spika mpya alitoa shilingi 1,500 nasi tukampigia makofi. Hatukumwuliza. Tunawauliza vijana wetu wamefunga siku ngapi, hatuwaulizi wamelala siku ngapi, wala pesa wamepata kwa njia gani. Torati katika Kumbukumbu 23 inakataza kuleta nyumbani mwa Mungu ujira wa aina fulani, kwa hiyo si kweli kwamba madhabahu hupokea chochote. Zile spika mnazozisikia kila ibada zina sehemu ya usingizi wake ndani.

Nitasema kwa kifupi yaliyofuata. Aliwaandikia wahadhiri wote wanne, akasema ukweli, pamoja na ile habari ya babu. Nilimshauri hivyo nikijua inaweza kumgharimu, na imemgharimu. Mmoja alikubali kazi yake ikiwa imechelewa lakini kwa nusu ya maksi. Mwingine hajajibu. Wawili walikataa, kwa hiyo atarudia hayo masomo mwaka ujao, na atamaliza nyuma ya wenzake. Sitaki mtu ashuhudie hapa kwamba akisema ukweli milango yote inafunguka. Wakati mwingine unasema ukweli na mlango unafungwa, unabaki nje ukiwa angalau hudanganyi tena. Alichoniambia ni kwamba usiku ule alilala saa kumi na tatu, mama yake akadhani ni mgonjwa.

Kwa upande wetu, wanafunzi hawatapangwa tena kwenye huduma ya kesha wakati wa mitihani, na hakuna anayehudumu zaidi ya mara mbili kwa wiki. Anayetaka kuja kuomba aje, mlango uko wazi, na akisinzia mwacheni. Kuna viti vya nyuma. Wengine mmesema tunapoza moto wa kanisa. Mimi nakumbuka Gethsemane, ambapo Bwana aliwakuta wanafunzi wake wamelala saa ambayo aliwahitaji kuliko saa zote. Aliumia, na aliwaambia. Lakini alijua pia kwamba miili yao ni dhaifu, na alilisema kwa sauti.

Limebaki jambo moja. Alipokuja nyumbani alikuwa bado na kazi moja mkononi, kurasa kumi na mbili za uuguzi. Mwenye akaunti alikuwa amemlipa mapema, shilingi 3,600, na kijana alishazituma nyumbani. Akaniuliza, "Si Mkristo hutimiza ahadi, Pasta? Niimalize hii ya mwisho halafu niache?" Nikamwambia ahadi ya kusaidia mtu kudanganya haitimizwi, inatubiwa, na pesa ya mtu inarudishwa. Akaniangalia, akasema, "Nitairudisha na nini?"

Hakuiandika. Amerudisha shilingi 800. Mzee mmoja amependekeza kanisa litoe zilizobaki, kwa sababu fungu lake la kumi la miezi hii lilizidi kiasi hicho. Mwingine anasema kilichowekwa mbele za Bwana hakitoki. Mimi niko na wa kwanza, lakini sijawashawishi wote, na sitalazimisha. Tunakutana tena Alhamisi baada ya ibada ya jioni.

Jumapili hii tutaimba bila kinanda.